Mbili ya Tano Haikupaswa Kufutwa

Video ya kile kipindi cha mfano cha hisabati cha Darasa la Tano, kilichofundishwa mbele ya mwezeshaji wa mafunzo ya walimu kazini, imeshazunguka kwenye makundi ya walimu, kwa hiyo sina haja ya kuisimulia tangu salamu. Madawati mmeyaona, zana mmeziona. Nataka tukae na jambo moja: pale mwezeshaji alipoinuka kutoka nyuma ya darasa, akapita katikati ya madawati, akachukua chaki mkononi mwa mwalimu na kufuta ubao. Ulikuwa uamuzi mbaya, na ubaya wake ni wa kitaaluma kabla hata hatujafika kwenye adabu.

Turudi nyuma dakika chache. Swali la mwalimu lilikuwa hili: Juma alikunywa nusu lita ya maziwa asubuhi, na jioni akanywa theluthi moja ya lita, kwa siku nzima alikunywa kiasi gani? Watoto wakafanya kila mmoja kwenye daftari lake. Mwalimu akazunguka, na ukimwangalia vizuri utaona anachungulia madaftari bila kusahihisha hata moja, huku anaandika kitu kwenye karatasi ndogo aliyoishika. Aliporudi mbele hakumchagua mtoto aliyekuwa akipunga mkono na kuita “mwalimu, mwalimu”. Alimwita mvulana wa dawati la tatu, ambaye mkono wake ulikuwa chini, akamwomba aandike jibu lake ubaoni. Mtoto akaandika 2/5.

Mwalimu hakusema sawa, wala hakusema si sawa. Akauliza, “Nani amepata kama yeye?” Mikono ikapanda, zaidi ya nusu ya darasa. Akauliza tena: “Ile nusu lita ya asubuhi, na hii mbili ya tano, ipi kubwa?” Akanyamaza. Darasa likanyamaza naye. Hesabuni wenyewe, ni sekunde saba. Msichana aliyekaa karibu na dirisha ameshaanza kuinua mkono, na mwenzake anachora mistari kwenye kona ya daftari.

Hapo ndipo mwezeshaji akainuka. Akafuta 2/5 kwa dasta. Akaliambia darasa liwe makini, asili hazijumlishwi. Akatafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya 2 na 3, akapata 6; akabadili nusu kuwa 3/6, theluthi kuwa 2/6, akajumlisha, akapata 5/6. Darasa zima likaitikia “tano ya sita” mara tatu, wakapiga makofi, na chaki ikarudishwa kwa mwenyewe: “Endelea, mwalimu.”

Kila alichokiandika ni sahihi. Mwalimu yeyote wa hisabati angekipa vema. Na kipindi kiliharibika hapo hapo.

Tazama alichokifuta. Nusu lita ni mililita 500. Mbili ya tano ya lita ni mililita 400. Kwa jibu la 2/5, Juma alikunywa mililita 500 asubuhi, jioni akaongeza mengine, na mwisho wa siku akawa amekunywa pungufu ya yale ya asubuhi. Mtoto wa Darasa la Tano anayetumwa dukani kununua mafuta anaijua nusu lita kwa macho na kwa mkono. Huhitaji kumwambia kwamba 2/5 ni kosa. Mwache ailinganishe na nusu, na ataona mwenyewe kwamba haiwezekani, tena ataona kwa kutumia kitu anachokijua kuliko anavyoijua KDS. Swali la mwalimu lilikuwa linampeleka huko huko, na lilikuwa limeshaulizwa. Zilibaki sekunde chache tu.

Kuna la ndani zaidi, na hili ndilo linalonifanya niandike. Mtoto anayejumlisha moja na moja juu, mbili na tatu chini, hajabuni upuuzi. Mchezaji akipiga penalti mbili leo akafunga moja, na kesho akapiga tatu akafunga moja, kwa siku zote mbili amefunga mbili kati ya tano. Hapo juu umejumlisha na juu, chini na chini, na umepata jibu la kweli. Mtoto ameshafanya hesabu ya namna hiyo kwenye uwanja wa vumbi mara nyingi kuliko alivyojumlisha sehemu ubaoni. Tofauti iko kwenye kizima. Kwenye maziwa, kizima ni lita ile ile moja, asubuhi na jioni. Kwenye penalti, kizima kinabadilika: mbili za leo, tatu za kesho, tano za pamoja. Mtoto asiyeonyeshwa tofauti hiyo akiambiwa “asili hazijumlishwi” anapokea amri. Ataitii kwenye zoezi la leo, na ataisahau wiki ijayo, kwa sababu akilini mwake kuna mfano hai unaoikataa amri yenyewe.

Kwa hiyo 2/5 ilikuwa mali ya kipindi kile. Mwalimu anayejua mada ya sehemu kwa undani angeilinda. Lee Shulman alipoandika mwaka 1986 juu ya ujuzi wa somo ulio wa mwalimu peke yake, usio wa mtaalamu wa somo wala wa mtu mwenye mbinu za ufundishaji za jumla, sehemu kubwa ya alichokisema ilikuwa hiyo: kujua watoto watakosea wapi, kwa nini, na kosa lipi linafungua mlango. Mwalimu wetu alikuwa na ujuzi huo. Tunajua hivyo kwa sababu andalio lake la somo lilisambazwa pamoja na video. Soma hatua ya pili. Ameandika kwa kalamu: “Jibu linalotarajiwa kutoka kwa baadhi ya wanafunzi: 2/5. Swali: linganisha na nusu.” Alilitarajia kosa, akalitafuta kwenye madaftari, akamwita mtoto aliyelibeba. Nakala ya andalio hilo mwezeshaji alikuwa nayo mapajani tangu kengele ilipogongwa. Hapo hoja ya kwamba alidhani mwalimu amekwama inakosa pa kusimama.

Najua watetezi wake watasema nini, maana nimeshayasikia kwenye semina za kila aina. Kwamba kosa likikaa ubaoni watoto wataliiga. Nimelipinga hili tangu enzi za muhtasari wa zamani na nitaendelea kulipinga. Mtoto haigi kosa aliloliona likijadiliwa mpaka likaanguka. Anaiga lile alilobaki nalo kichwani baada ya ubao kufutwa. Wajapani, ambao nusu ya mbinu tunazozigawa kwenye semina zimetoka kwao, huupanga ubao ili ukae kipindi kizima bila kufutwa: tatizo upande mmoja, majibu mbalimbali ya watoto yakifuatana, mabovu na mazuri, na hitimisho mwishoni, ili mtoto akiinua macho aone njia yote waliyopita. Kazi hiyo wanaiita bansho. Ule mzunguko wa kimya katikati ya madawati nao wana jina lake, na ule mjadala wa kuyagonganisha majibu pia. Mwalimu wetu alifanya mawili ya mwanzo bila kutaja jina lolote, na la tatu alikuwa ameligusa ndipo akanyang’anywa chaki.

Na hao hao Wajapani wana kanuni ambayo tumeichukua kwa jina na kuiacha kwa vitendo. Katika somo lao la utafiti, yaani kipindi kinachofundishwa ili walimu wenzake wakitazame na kukijadili, walimu watazamaji hujaa darasani wakiwa wamesimama ukutani na kati ya madawati, na hawamsaidii mtoto. Hata mtoto akikwama mbele ya macho yao hawamnong’onezi. Wanaandika: amefanya nini, amefuta nini, amemuuliza nani. Baada ya kipindi, anayeanza kusema ni mwalimu aliyefundisha, na mtaalamu mwalikwa husema mwishoni kabisa. James Stigler na James Hiebert waliiweka kazi hii mbele ya dunia mwaka 1999, baada ya kuchambua video za vipindi vya hisabati vya Darasa la Nane vya Japani, Ujerumani na Marekani zilizorekodiwa kwa ajili ya TIMSS, utafiti wa kimataifa wa hisabati na sayansi, wa 1995. Mojawapo ya waliyoyaonyesha ni kwamba darasa la Kijapani hupewa tatizo kwanza na kuachwa lihangaike nalo, wakati la Kimarekani huonyeshwa njia kwanza ndipo likarudie. Katika dakika moja ya video yetu mnaweza kuyaona madarasa yote mawili, moja likilifukuza jingine.

Watetezi wake watasema pia kwamba siku hizi kuna kumkatiza mwalimu kwa nia njema katikati ya kipindi. Upo utaratibu huo, nao ni mzuri. Elham Kazemi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington wameufanyia kazi kwa miaka: mwalimu au mwenzake yeyote anaweza kuomba kipindi kisimame kidogo, wakashauriana hadharani mbele ya watoto juu ya swali linalofuata. Lakini wanakubaliana kabla ya kuingia darasani. Anayeomba anakuja na swali. Na chaki inabaki kwa mwalimu. Mwezeshaji wetu angeweza kuinua mkono na kusema, “Mwalimu, unafikiri tumsikilize yule binti wa dirishani?” Hilo lingekuwa jambo jingine kabisa, na leo ningekuwa naandika kulisifu.

Kuhusu muda, sekunde saba si nyingi. Mary Budd Rowe alipopima madarasa ya Marekani miaka ya 1960 na 1970 alikuta mwalimu wa kawaida hungoja kama sekunde moja baada ya swali, na kwamba wakingoja tatu au zaidi majibu yanarefuka na watoto waliozoea kukaa kimya wanaanza kusema. Walimu wengi waliofunzwa kungoja huona sekunde tatu ni mateso. Huyu wetu alingoja saba bila kutikisika. Aliyeshindwa kungoja ni aliyetumwa kumfundisha kungoja.

Kilichofuata ni cha kusikitisha, na nawaomba mkitazame tena badala ya kuruka kwenda mwisho. Mwalimu aliendelea, mnyenyekevu, lakini maswali yake yalibadilika. Kabla ya hapo alikuwa anauliza ipi kubwa, kwa nini, nani ana njia nyingine. Baada ya hapo: “Tunatafuta nini kwanza?” “KDS!” “KDS ya ngapi na ngapi?” Kila baada ya swali macho yake yanakwenda nyuma ya darasa kabla hayajaenda kwa watoto. Yule binti wa dirishani hakuulizwa tena. Isimamisheni video pale kamera inapopita juu ya madaftari wakati wa zoezi la mwisho. Kuna daftari limeandikwa, kwa mwandiko mzuri kabisa, 1/4 + 2/5 = 3/9. Baada ya kuitikia mara tatu, baada ya makofi, mtoto bado anajumlisha asili. Tena 3/9 ni theluthi, na theluthi ni ndogo kuliko ile 2/5 peke yake aliyokuwa anaijumlisha. Ni kosa lile lile la Juma na maziwa yake, safari hii bila mtu wa kumuuliza ipi kubwa.

Kosa hili halibaki shule ya msingi. Walimu wa sekondari mnalikuta kidato cha pili, mtoto anajumlisha 1/x na 1/y anapata 2/(x + y), mnadhani ni ugumu wa aljebra. Ni mbili ya tano imevaa herufi. Matokeo ya kidato cha nne ya Tanzania ya 2021 na 2022 yalionyesha kama mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati ya msingi, na kila mwaka tunalaumu vitabu, lugha na uhaba wa walimu. Yote hayo yapo. Lakini nani amehesabu ni kwenye ubao wa darasa la ngapi makosa haya yanafutwa kabla hayajaeleweka?

Kumtendea haki mwezeshaji, mpangilio wa ukumbi, zana za karatasi zilizokunjwa na ratiba ya siku vilikuwa vizuri.

Sasa, anatoka wapi mwezeshaji wa namna hii? MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kwa wazo lake ni jambo ambalo baadhi yetu tulililia kwa miaka mingi: walimu wa shule moja wakutane kwenye Jumuiya ya Kujifunza, walete mada inayowatatiza, waandae kipindi, wafundishe, watafakari. Halina ubaya. Ubaya unaingia pale mtu mmoja anapovishwa kofia mbili. Yule anayekuja kukulea ndiye anayeandika taarifa yako, na fomu yake ina vipengele: zana zipo, vikundi vipo, andalio lipo, lengo limefikiwa. Mtu mwenye fomu ya namna hiyo akiona dakika zinakwenda na ubaoni pana 2/5, anaona kipengele cha mwisho kinakosa tiki. Hana kisanduku cha kuandika kwamba mwalimu ameuliza swali zuri na darasa linafikiri. Nilisema wakaguzi walipobadilishwa jina kuwa wadhibiti ubora kwamba jina si kitu, fomu ndiyo yenye kazi. Nasema hivyo kwa wawezeshaji pia. Kazi ya kupima na kazi ya kulea zigawiwe watu wawili, na anayelea asiwe na fomu ya alama.

Halafu kuna mafunzo ya ngazi kwa ngazi. Taifa linafundisha mkoa, mkoa wilaya, wilaya kata, kata shule. Kila ngazi inapokea siku chache kuliko iliyo juu yake na inabaki na kile kinachoandikika kwenye slaidi: bungua bongo, vikundi, matembezi ya galari. Ujuzi wa kwa nini 2/5 ni jibu la penalti na si jibu la maziwa hauingii kwenye slaidi, kwa hiyo unadondoka ngazi ya pili. Anayefika shuleni anaweza kuwa mtu mwema aliyesomea Historia, amepewa moduli ya sehemu, naye kwa hofu anashika kitu kimoja anachokijua kwa uhakika, ambacho ni KDS. Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu aliyempanga.

Wakenya nao wasicheke. Tume yao ya Huduma ya Walimu, TSC, ilipozindua moduli zake za kuwaendeleza walimu mwaka 2021, kelele zote zilikuwa juu ya Sh 6,000 ambazo kila mwalimu alitakiwa kulipa kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Walimu walikuwa na haki ya kupiga kelele. Ila sikusikia wengi wakiuliza nani atakayekaa nyuma ya darasa la hisabati, na atakaa vipi. Na hawa ndio waliokuwa na SMASSE, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari! Mwaka 1998, wilaya tisa za majaribio, Wajapani na Wakenya pamoja, hisabati na sayansi tu, na mzunguko wa maneno manne ambao ningependa ubandikwe kwenye mlango wa kila Kituo cha Walimu: panga, tenda, tazama, boresha. Kutazama kulipewa nafasi yake kwenye mzunguko, kukatengwa na kutenda. Ukitazama unatazama. Kuboresha kunakuja baadaye, mkiwa mmekaa.

Nasi tulikuwa nao watu wetu. Waliosoma vyuo vya ualimu vyenye shule ya mazoezi jirani, Korogwe, Butimba, Mpwapwa, wanakumbuka wakufunzi wa zamani walivyoingia darasani. Aliyenilea mimi alikuwa na daftari kubwa alilolipiga mstari katikati kila ukurasa: kushoto maneno ya mwalimu, kulia maneno ya mtoto. Alikaa dawati la mwisho na mtu angemsahau. Nilishuhudia mwenzetu akikosea hesabu ya kugawanya ubaoni, kosa la wazi, na mkufunzi hakuinua kichwa. Mtoto ndiye aliyelikamata, mwenzetu akasahihisha, kipindi kikasonga. Jioni, chini ya mwembe, mkufunzi alifungua daftari akasoma upande wa kulia tu. Akasoma alichosema kila mtoto, kwa mpangilio, bila neno la kwake. Kisha akauliza, “Hapa mtoto alikuwa anafikiri nini?” Tulibishana mpaka giza likaingia. Hakutuambia tumefaulu wala tumeshindwa. Sijaona mwezeshaji wa leo, pamoja na kishikwambi na moduli zake zote, aliyemfikia.

Linganisheni na kikao cha tafakuri kilichofuata baada ya kipindi kile, maana nacho kilirekodiwa. Swali la kwanza kwa mwalimu: “Unaonaje ulivyosimamia muda?” Mwalimu akasema muda ulimbana. Swali la pili lilikuwa juu ya vikundi. Kikao kizima hakikutaja 2/5. Hakuna aliyemuuliza mwalimu kwa nini alimwita mvulana ambaye mkono wake ulikuwa chini, alikuwa ameandika nini kwenye ile karatasi ndogo, na baada ya swali la ipi kubwa alikuwa amekusudia kwenda wapi. Maswali hayo matatu yangetosha kwa kikao kizima, na walimu wengine waliokaa pale wangeondoka na kitu cha kufanya kesho yake darasani.

Bado kipindi kile kinaweza kuokolewa. Shule ile ina mkondo wa pili wa Darasa la Tano, na watoto wake bado hawajafundishwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwalimu yule yule apewe kipindi kile kile, kwa andalio lile lile, dakika 40 zote. Walimu wa jumuiya wakae pembeni na madaftari, kila mmoja amfuatilie mtoto mmoja. Mwezeshaji aje, akae nyuma, aiache fomu ofisini, na asinyanyuke mpaka kengele.